Waliowalea wanafunzi wa uanahabari Mombasa wanastahili kutajwa

Wahitimu wa idara ya uanahabari ya chuo cha kati nilichosomea hapa Mombasa tumeanza kuandaa hafla ya kuwaenzi watu waliotusaidia kujifunza kazi hii, na mimi ni miongoni mwa wanakamati walioombwa kupendekeza majina. Orodha ya kwanza iliyoletwa mezani ilikuwa na wafadhili, wanasiasa wawili na mkurugenzi wa kampuni iliyotupa kompyuta. Sina neno baya juu yao, kwani kompyuta zile tulizitumia na hadi leo zinatumika. Hata hivyo, kadiri nilivyoisoma orodha ile ndivyo nilivyoona kwamba tunakaribia kuwasahau watu ambao bila wao kompyuta zile zingebaki kuwa samani za darasani. Ninaandika hapa kwa urefu kwa sababu mkutano wa kamati hauna nafasi ya kusema yote, na kwa sababu jambo hili nimelibeba moyoni tangu nilipohitimu.

Mji wetu haujawahi kushindwa kuwakumbuka wafadhili wakubwa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor kilianza kama taasisi ya kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), kwa fedha zilizotoka kwa Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Mwaka 1966 ikageuka kuwa taasisi ya kiufundi ya Mombasa, mwaka 1972 ikawa chuo anuwai, na mwaka 2013 ikapata hadhi ya chuo kikuu kamili. Majina ya waliotoa fedha yamehifadhiwa katika historia ya chuo hicho, na hiyo ni haki yao. Majina ya mafundi waliosimama karakanani mwaka baada ya mwaka wakimwonyesha kijana jinsi ya kushika tupa husikika mara chache mno, na ninahofia kwamba sisi wa uanahabari tunaelekea kuifuata njia hiyo hiyo.

Kazi ya habari hapa Mombasa ni kongwe kuliko darasa lolote la kuifundisha. Gazeti linaloitwa leo The Standard lilianzia katika kisiwa hiki mwaka 1902, mikononi mwa mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, kabla ya kuuzwa mwaka 1905 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1910. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa kijikaratasi kilichoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akakifuatisha na gazeti la Al-Islah, akiwahimiza watu wa Pwani wasome, wafanye kazi na wajitazame upya kama jamii. Hakuna aliyempa Sheikh Al-Amin stashahada ya uandishi. Wakati huo ujuzi huu ulipatikana kwa kukaa karibu na mtu anayeufanya, na kusema kweli sehemu kubwa yake bado hupatikana vivyo hivyo.

Mafunzo rasmi yalipokuja, yalikuja mbali nasi. Shule ya kuwafunza wafanyakazi wa shirika la taifa la utangazaji, lililokuja kuitwa Sauti ya Kenya, ilianza Nairobi mwaka 1961, na ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikafungua shule yake ya uanahabari mwaka 1970. Kijana wa Kisauni au wa Kwale aliyetaka kusomea habari alilazimika kusafiri karibu kilomita 500, akapange chumba katika mji asiojuana na mtu, na wazazi wengi hawakuwa na uwezo huo. Baada ya masafa ya redio kufunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, na vituo kama Baraka FM, Radio Rahma na Radio Salaam kuungana na Pwani FM ya shirika la taifa katika kuwahudumia wasikilizaji wa hapa, wahariri walihitaji vijana wanaoujua mji huu na lugha yake. Vyuo vya kati vilivyofungua kozi za cheti na stashahada vilijaza pengo hilo, mara nyingi katika vyumba vya kukodi, vikitegemea walimu wa muda wanaolipwa kwa saa.

Historia hii niliyoieleza sikuikuta kitabuni kwanza. Niliipata kwa mmoja wa walimu hao wa muda, ambaye hakuwa na wajibu wa kutufundisha zaidi ya kile kilichoandikwa katika silabasi, lakini alituchukua Jumamosi moja hadi Mji wa Kale, akatutembeza Kibokoni huku akituambia nani aliandika nini na kwa nini, na akatutaka kila mmoja aandike ukurasa mmoja juu ya gazeti lililochapwa kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Chuo hakikumlipa saa zile. Jina lake ndilo la kwanza nililolipeleka kwa kamati. Majina yote nimeyawasilisha huko kwa maandishi. Hapa siyataji kwa kuwa baadhi yao wangali kazini na sijawaomba idhini.

Jina la pili ni la mhariri wa habari wa redio aliyewapokea wanafunzi wetu wa mafunzo ya nyanjani muhula baada ya muhula. Ofisi nyingi humpokea mwanafunzi, zikamwonyesha kiti, zikamtuma chai, na baada ya miezi mitatu zikampigia muhuri daftari lake la mafunzo. Huyu alisoma kila kilichoandikwa na kila mwanafunzi, kwa kalamu nyekundu, baina ya taarifa ya saa sita na ile ya saa saba, muda ambao wenzake waliutumia kula. Ninakumbuka vizuri karatasi ya mwanafunzi mwenzangu iliyoanza hivi: “Inasemekana bei ya nyanya imepanda katika soko la Kongowea na wakazi wamelalamika.” Mhariri alilizungushia duara neno la kwanza, akauliza kwa upole, “Inasemekana na nani, mwanangu? Kasha lilikuwa shilingi ngapi wiki iliyopita, leo ni ngapi, na nani kanunua kwa bei hiyo?” Kisha akatoa nauli mfukoni mwake na kumtuma avuke daraja la Nyali arudi sokoni.

Mwenzangu alirudi alasiri akiwa na bei mbili, sababu ya mvua kuharibu barabara za mashambani, na maneno ya watu watatu. Tulidhani kazi imekwisha. Mhariri alikata maneno “wakazi wamelalamika” na kuandika juu yake “wachuuzi wawili na mnunuzi mmoja waliozungumza na kituo hiki walisema”. Akatueleza kwamba watu watatu si wakazi wa Mombasa, na kwamba msikilizaji ana haki ya kujua umesikia kutoka kwa wangapi ili aamue mwenyewe uzito wa habari hiyo. Nimepita katika vyumba kadhaa vya habari tangu siku hiyo, nimehudhuria warsha za maadili, nimezisoma kanuni za maadili zilizo katika Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013, na sijakutana na somo la usahihi lililonikaa kama lile la kasha la nyanya.

Ninamtaja pia fundi wa mitambo aliyestaafu, ambaye alikuwa akija chuoni bila barua ya ajira. Alikuwa na mashine ya zamani ya kanda, na kabla hajaturuhusu kuigusa programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta alitaka kila mmoja wetu akate kanda kwa wembe. Unaisogeza kanda taratibu kwa mkono huku na huko mbele ya kichwa cha mashine mpaka usikie neno linapoanzia, unaitia alama kwa penseli, unailaza kwenye kijiti chenye mfuo, unaikata kwa mshazari, kisha unaunganisha vipande viwili kwa utepe wa gundi. Ukikata baada ya pumzi ya msemaji badala ya kabla yake, mtu yule husikika kama aliyekabwa koo. Baadhi ya wenzetu waliona kwamba tunapotezewa wakati na teknolojia iliyokufa. Mimi ninaamini kwamba hiyo ndiyo sababu wahitimu wa mwaka wetu hutambulika kwa uhariri safi wa sauti: tulijifunza kusikiliza kabla ya kubonyeza. Mzee yule alikuwa akisema kwamba sikio ndilo linalokata na wembe hufuata tu.

Mahakamani tulipelekwa na ripota wa kujitegemea, mtu anayelipwa kwa kila habari iliyochapishwa na asiyelipwa chochote kwa ile iliyoachwa. Jambo hili wasomaji wengi hawalijui, na ndilo linaloufanya wema wake uwe mkubwa zaidi. Siku aliyotumia kutuonyesha jinsi ya kuisoma orodha ya kesi ubaoni, mahali pa kukaa, jinsi ya kumwinamia hakimu unapoingia na unapotoka, na kwa nini huruhusiwi kurekodi bila idhini ya mahakama, ilikuwa siku ambayo wenzake walikuwa wakiandika habari mbili au tatu za kuuza. Alitusisitizia kwamba mtu aliyefikishwa kizimbani ni mshtakiwa, na ataendelea kuitwa mshtakiwa mpaka mahakama iamue vinginevyo. Kwamba unaandika mashtaka kama yalivyosomwa, pamoja na jibu lake, hata likiwa la neno moja. Na kwamba jina la mtoto, liwe la mshtakiwa au la mwathiriwa, haliandikwi, na wala huandiki jina la shule yake wala mtaa wake kwa namna itakayomfichua. Alikuwa akiyapitia madaftari yetu nje ya mahakama, chini ya kivuli, mmoja baada ya mwingine, na aliyekuwa na kosa alilisahihisha mbele yake kabla ya kuondoka.

Kuna mama mmoja mtangazaji, ambaye sote tulimwita Bi na hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina, aliyekuja kutufundisha usomaji wa taarifa za misiba. Feri ya Mtongwe ilipozama tarehe 29 Aprili 1994 na zaidi ya watu 270 kufa maji, yeye alikuwa kazini. Alitueleza jinsi watu walivyokaa karibu na redio wakisubiri kusikia, wengine wakiwa na jamaa waliotoka asubuhi ile kwenda kazini kisiwani. Kutokana na hayo alikuwa na masharti ambayo hakuyalegeza hata kidogo. Hesabu ya waliokufa haitangazwi bila kusema ni nani aliyeitoa na saa ngapi. Jina halisomwi mpaka jamaa wawe wamejulishwa. Na jina linapofika wakati wa kusomwa, lisomwe sawasawa, kwa hiyo alitufanyisha mazoezi ya majina ya Kimijikenda, ya Kitaita, ya Kipokomo, ya Kiarabu na ya Kihindi mpaka ndimi zikatii, kwa kuwa, kwa maneno yake, mtu anayesomwa redioni akiwa maiti hana nafasi ya kumsahihisha msomaji. Niliwahi kusoma orodha ya aina hiyo hewani, miaka kadhaa baadaye, baada ya ajali ya barabarani. Nilipiga simu mbili kuuliza matamshi kabla ya kuingia studio, nikijua kabisa ni nani aliyeniwekea desturi hiyo.

Wapo na wengine ambao mchango wao ulikuwa wa namna nyingine: mwenye nyumba wa Changamwe aliyekuwa akingoja kodi mpaka fedha za mkopo wa elimu ziingie, shangazi na wajomba waliochanga karo, na karani wa maktaba aliyetuwekea magazeti ya juma zima yasifungiwe samaki. Sitarefusha hapa, ila ningependa angalau mmoja wao aalikwe.

Wazo la kuwaenzi watu wa aina hii halikuanzia kwetu. Marekani, ambako vyuo vya jamii vya miaka miwili vina historia ndefu tangu Joliet Junior College ilipofunguliwa katika jimbo la Illinois mwaka 1901, walimu wa uanahabari wa vyuo hivyo wana vyama vyao wenyewe. Kile cha California, Journalism Association of Community Colleges, huwakusanya wanafunzi katika makongamano na mashindano ya kuandika habari papo kwa papo. Hali zao si zetu; huko chuo cha jamii ni taasisi ya umma na mara nyingi wanafunzi wana gazeti lao, ilhali wengi wetu tulisoma bila hata ubao wa matangazo wa kubandika kazi zetu. Kinachonivutia ni kule kuyatambua mafunzo ya chuo kidogo kuwa ni jambo lenye watu wake, walioyajenga kwa kujitolea, na ambao hawaachwi bila kutajwa kwa sababu tu hawakufundisha chuo kikuu.

Katika kamati, mwenzetu mmoja ameeleza hofu kwamba tukiwapandisha jukwaani watu wasio na vyeo, wafadhili watajiona wamevunjiwa heshima na mwaka ujao hawatatoa kitu. Nimeifikiria hoja hii kwa uzito kwa sababu chuo kinahitaji fedha zao. Ninachopendekeza ni kwamba mfadhili aandikiwe barua ya shukrani yenye maelezo kamili: alitoa kompyuta ngapi, zimetumiwa na wanafunzi wa miaka gani, na wanafunzi hao wako wapi sasa. Mfadhili mwenye nia njema atafurahia barua hiyo kuliko ngao ya kioo. Jukwaa, kwa upande mwingine, liwe la waliofundisha kwa mikono yao. Sioni ni vipi heshima ya mmoja inampunguzia mwingine, na mfadhili atakayeona amepunguziwa kwa sababu fundi wa mitambo amepigiwa makofi, nasema kwa moyo mweupe, tumwache aende.

Vilevile sitaki tungoje mazishi. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mwenye asili ya Freretown hapa Mombasa, alipofariki Februari 2025 nchi nzima ilimlilia, na ilistahili kumlilia. Yeye alijaliwa kuyasikia mengi ya shukrani hizo akiwa hai, kwa kuwa sauti yake iliingia kila nyumba kwa miongo mingi. Fundi aliyekaa upande wa pili wa kioo hana sauti inayojulikana. Akiondoka, atazikwa na jamaa na majirani, na yale aliyoyajua kuhusu kanda na pumzi za watu yataondoka naye ikiwa hatujayaandika.

Kwa sababu hiyo nimeomba kwamba tusitoe vyeti vyenye maneno “kwa mchango wake mkubwa katika elimu ya uanahabari”. Sentensi hiyo inaweza kusomwa kwa mtu yeyote, na haimwambii mwanafunzi wa mwaka ujao chochote. Kila atakayeenziwa aandikiwe maelezo ya ukurasa mmoja yanayosema alifanya nini hasa, wapi, na kwa wanafunzi wa mwaka gani, yakiwa na ushahidi wa wasiopungua wawili waliofundishwa naye. Kurasa hizo ziandikwe na wanafunzi walioko chuoni sasa kama kazi yao ya muhula: wawatembelee wazee hawa nyumbani, wawahoji, wazirekodi sauti zao, waulize tarehe na kuzihakiki, kisha nakala zibaki maktabani. Mwanafunzi atakayeandika “inasemekana alikuwa mwalimu mwema” arudishiwe karatasi yake. Ninatamani sana kuona kazi hizo, kwa kuwa itakuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kumhoji mtu kwa saa moja nzima bila kutafuta kauli ya kuingiza kwenye taarifa ya sekunde 40.

Limebaki suala moja ambalo hatujakubaliana. Hafla itafanyika siku ya kazi, kwa kuwa ukumbi wa mwisho wa wiki ni ghali. Kwa mhariri aliyeajiriwa hilo si tatizo. Ataomba ruhusa na mshahara wake utabaki pale pale. Kwa ripota wa kujitegemea, asubuhi moja bila habari ni asubuhi bila chakula, na safari hii tutakuwa tunamwomba aipoteze siku nyingine kwa ajili yetu, juu ya zile alizotupa zamani. Nimependekeza kwamba kila mwalikwa asiye na mshahara alipwe nauli pamoja na kiasi ambacho angepata kwa habari mbili, na kwamba fedha hizo zitengwe kabla ya kuchagua mapambo wala chakula. Kamati imeona kwamba bajeti haitoshi. Nimeshazungumza na wahitimu wenzangu kadhaa walio kazini, nao wako tayari kuchanga, na katika mkutano ujao nitalirudisha suala hili mezani pamoja na orodha ya waliokwisha ahidi.